Mama, Umekosea

Mwalimu hakutazama alichokuwa akiandika. Macho aliyakaza ukutani, juu kidogo ya mlango, mahali ambapo chokaa ilikuwa imebanduka, na vidole vikaenda zake. Siku yangu ya kwanza nilidhani kuna kitu pale ukutani, nikageuka kutazama. Hakukuwa na kitu. "Ukitembea unautazama mguu?" aliniuliza, bila kuyahamisha macho. Nikasema hapana. "Basi na mkono uache uende."

Kila mtu alimwita Mwalimu. Mdogo wake wa tumbo moja alimwita Mwalimu, akina mama waliouza mboga pale Kilole, mjini Korogwe, walimwita Mwalimu, na siku moja nilimsikia imamu mzima akimwita hivyo hivyo. Jina analo, na ninalijua, lakini sikupata kulitamka mbele yake na sioni sababu ya kulitamka nyuma yake.

Shule yake ilikuwa sebule yake. Zamani mama huyu alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya shamba la mkonge la serikali. Shamba lilipouzwa, mwenye shamba mpya alikuja na watu wake na mashine zake, na taipureta za zamani zikarundikwa nje zinyeshewe. Mwalimu akaziomba, akazisafisha kwa mafuta ya taa, akazipanga sebuleni na kuanza kufundisha. Ukimuuliza habari za shamba alikuwa na jibu moja tu: waliuza kila kitu wakasahau kumuuza yeye. Alilisema kwa mzaha na sisi tukacheka, maana tulikuwa hatujapoteza kitu bado. Leo silicheki.

Miaka ile ilikuwa ya mitumba. Mlango wa nchi ulikuwa umefunguliwa na kila kitu kikaingia kikiwa kimeshatumiwa na mtu mwingine: mashati, matairi, majokofu, halafu kompyuta. Mwalimu hakuziogopa. Aliweka taipureta upande wa dirishani na kompyuta upande wa ukuta wa ndani, akazifunika vitambaa vya kufuma kama watu wanavyofunika redio. Mbili zilikuwa za Windows, alizozipata Tanga. Ya tatu ilikuwa Makintoshi, waliyompa masista wa misheni walipoletewa nyingine, na sisi tuliiita mashine ya masista. Mwalimu alikuwa Mwislamu asiyekosa swala, na kila asubuhi aliifuta vumbi mashine ya masista kabla ya zile nyingine. Alisema ni kwa sababu ni nyeupe, uchafu unaonekana.

Sijui kama vijana wa leo wanaijua tabu hii. Mtu aliyezoea mashine ya aina moja, ukimkalisha kwenye aina nyingine, anakuwa kama aliyehamishiwa jikoni kwa mtu. Chumvi ipo, lakini ipo wapi? Kwenye Windows, ukitaka kunakili maneno, kidole kidogo cha kushoto kinashuka pembeni kabisa kwenye Ctrl, halafu unabonyeza C. Kwenye mashine ya masista nayo Ctrl ilikuwapo, pale pale pembeni, lakini ukiibonyeza hakuna kilichotokea. Kazi yake ilifanywa na kitufe kingine kilicho jirani na kile kirefu cha nafasi, kitufe kilichochorwa kama ua la majani manne, na hicho kilikuwa cha kidole gumba. Mengine yote yalifanana. C ya kunakili, V ya kuweka, P ya kuchapa, Z ya kurudisha ulichokosea, S ya kuhifadhi.

"Herufi ni ileile," Mwalimu alikuwa akisema. "Kidole ndicho kinachohama."

Tuliliimba hilo asubuhi nzima. Alitupanga mbele ya mashine, akatuhamisha kutoka moja kwenda nyingine kila alipopiga makofi, na sisi tukisema kwa pamoja: kidogo, gumba, kidogo, gumba. Wapita njia walidhani ni chekechea.

Alizilinganisha mashine zile kama mtu anavyolinganisha majirani, na kama ilivyo kwa majirani hakuna iliyotoka salama. Za Windows alizisifu kwa utiifu na kuzilaumu kwa kuganda. Ya masista aliisifu kwa herufi nzuri na kuilaumu kwa tabia moja: ukifunga dirisha la kazi, unadhani umemaliza, kumbe programu imebaki imekaa mle ndani kimya, mpaka uiambie iondoke kwa gumba na Q. Wanafunzi wengi walisahau, mashine ikajaa kazi zisizoonekana ikawa nzito. Naye alikuwa na neno lake. "Kumfungia mgeni mlango si kumuaga," alisema.

Mausi, vile vipanya vya kusogezea mshale, alizikusanya zote akaziweka kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga, juu ya kabati. Vumbi linaziua, alisema, na zinamfanya mtu awe na mkono mmoja. Aliyetaka kujifunza mausi aende kwingine.

Alikuwa na sheria mbili zilizozidi zote, na lazima nizieleze vizuri, maana zote mbili zinahusika.

Ya kwanza ilikuwa kuhifadhi. Umeme wa Korogwe siku zile ulikuwa na mambo yake, na mashine ilipozimika ghafla iliondoka na kazi yako. Kwa hiyo kila baada ya nukta ulihifadhi. Nukta, hifadhi. Alipita nyuma yetu na rula ndefu, na aliyeandika sentensi mbili bila kuhifadhi aliguswa begani, si kwa nguvu, lakini ulijua umeguswa. "Ambacho hujahifadhi hujaandika." Mpaka leo ofisini wenzangu hunicheka. Mashine za sasa zinajihifadhia zenyewe, na mimi bado kila nukta kidole kidogo kinashuka.

Ya pili ilikuwa kujibu. Mashine zile zilipenda kuuliza. Unafuta jambo, kinatokea kisanduku chenye maneno ya Kiingereza. Unafunga jambo, kinatokea kingine. Kiingereza chetu wengi kilikuwa cha kubahatisha, na karibu mara zote swali lilikuwa lilelile, je una hakika, na jibu lilikuwa ndiyo. Basi Mwalimu alitufundisha tusisimame kukitazama kisanduku kama ng'ombe anayetazama treni. Kisanduku kikitokea, Enter, kazi iendelee. Tena hata macho usiyatoe kwenye karatasi yako. Na kwa miaka mingi hakuna aliyedhurika kwa sheria hiyo.

Alikuwa mkali wa kutisha na hakupata kumfukuza mtu. Wanafunzi hakuwaita kwa majina yao. Aliwaita kwa walikotoka au kwa kazi zao, na mimi nilikuwa Mazingara, kwa jina la kijiji chetu. Alikuwapo mwanamume wa Kimasai kutoka nyika za Handeni, karani wa mnada wa ng'ombe, mtu mzima mwenye vidole vilivyobonyeza vitufe viwili kwa mpigo. Huyo alikuwa Bwana Mnada. Ndiye peke yake aliyethubutu kumbishia. Alimuuliza siku moja kwa nini Wazungu wasikubaliane kidole kimoja wakamaliza. Mwalimu akamjibu kwamba hata Handeni hamjakubaliana ng'ombe apite wapi.

Tuliotoka mbali alituweka nyumbani mwake. Alisema ni kwa sababu hapendi watu wanaochelewa darasani, na asubuhi alitupikia uji mwenyewe. Mimi nililala chumba kimoja na binti yake.

Zaina alikuwa mwanawe wa pekee. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo, na hakuwa na kazi ila kumchokoza mama yake. Kila alichokataza Mwalimu, Zaina alikuwa ameshakifanya. Alishusha mausi kutoka kwenye kopo. Aliandika akitazama vidole. Zaidi ya yote aliingia kwenye mipangilio, mahali ambapo Mwalimu hakupata kukanyaga. Kwa Mwalimu mipangilio ilikuwa mali ya aliyeitengeneza mashine. Mpiga chapa haifungui, kama vile mgeni asivyofungua kabati la watu. Zaina alifungua kila kabati. Alibadilisha rangi za kioo, akabadilisha saa, na siku moja akaja kunivuta mkono nikiwa nafua.

Ndani ya mipangilio ya mashine ya masista alikuwa amegundua mahali pa sauti. Mashine ile ulipobonyeza kitu isichokitegemea ilitoa mlio mfupi, na pale ndipo ulipouchagua: tone la maji, kioo, bata. Chini ya orodha, alinionyesha, unaweza kuweka mlio wako mwenyewe. Mashine ilikuja na maikrofoni ndogo ya mviringo ambayo hakuna aliyekuwa akijua kazi yake. Mwalimu alikuwa amekwenda sokoni. Zaina akanipa maikrofoni niishike karibu na mdomo wake, akanipiga kiwiko nisicheke, akasema: "Mama, umekosea."

Aliivuta mwishoni, umekoseaa, kwa sababu kicheko kilikuwa kimeshamfika kooni. Nilimwambia leo utapigwa. Akaupa mlio ule jina lake, Zaina, akauweka kwenye orodha baada ya bata.

Kesho yake asubuhi aliyeikalia mashine ya masista alikuwa Bwana Mnada, na haikuchukua muda akabonyeza viwili kwa mpigo. "Mama, umekoseaa," mashine ikasema. Bwana Mnada akaondoa mikono yake taratibu, akaitazama mashine, akaiambia kwa heshima zote, "Mimi si mama yako." Darasa likaanguka kwa kicheko. Mwalimu hakucheka. Aliagiza mlio ule utolewe siku ileile, na Zaina akasema kesho, mama. Kesho yake akasema kesho. Mwalimu mwenyewe hakujua pa kuutolea, na sisi tuliojua hatukuutoa kwa kuwa tuliupenda. Ukawa sehemu ya darasa. Kila aliyekosea, hata mwanamume mwenye ndevu, aliitwa mama.

Mtu mmoja tu hakuitwa. Mwalimu hakukosea. Alipoikalia mashine ya masista ilikaa kimya kama imemwogopa. Hilo lilimuudhi Zaina. Alilalamika mezani, tukila, kwamba sauti kamrekodia yeye na wanaoisikia ni watu wengine. "Kosea hata mara moja tu, mama," alimwambia. Mwalimu akamwambia ale, chakula kinapoa.

Masika yale Zaina aliugua homa. Tulidhani ni homa kama homa nyingine, akapewa dawa, akapata nafuu akaomba embe, na siku iliyofuata ikampanda kichwani. Hakurudi. Mimi nilikuwapo, na sina la kusema juu ya siku ile ila kwamba nilikuwa na umri sawa naye na nguo zake zilikuwa zimening'inia kwenye msumari wangu.

Shule ilifungwa. Hitima ikasomwa, watu wakatawanyika, ndugu wakarudi makwao, na asubuhi moja Mwalimu alifagia sebule, akaondoa vitambaa kwenye mashine, akasubiri. Tulikuja mmoja mmoja. Kila mtu alikimbilia taipureta au Windows. Mashine ya masista haikuwa na mtu. Bwana Mnada, aliyechelewa, alisimama mlangoni akaona nafasi ni moja tu, akaenda akaikalia.

Sijapata kuona mtu akiandika vile. Alibonyeza kila herufi kama anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto, jasho likimtiririka shingoni, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akiifikiria kazi yake mwenyewe. Alifika mwisho wa ukurasa bila kosa. Kisha akahitaji kuhifadhi kwa mara ya mwisho, akapeleka gumba kwenye ua, na kidole kikubwa kile kikagusa kingine.

"Mama, umekoseaa."

Mashine zote zilinyamaza. Mwalimu alikuwa amesimama ubaoni na chaki mkononi, ametupa mgongo. Bwana Mnada aliinuka, mtu mrefu kiasi kile, akainamisha kichwa. "Mwalimu, nisamehe," alisema.

"Endelea kuandika," Mwalimu akasema, akatoka kwenda uani. Tulisikia akiosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeviosha mimi asubuhi. Aliporudi alitwambia mashine ile tusiikalie tena. Tulijua atataka iondolewe sauti, na nilikuwa tayari kumwonyesha namna, ingawa roho iliniuma. Hakuomba.

Baada ya hapo ilikuwa yake. Alasiri, wanafunzi wa mjini wakishakwenda zao, alikaa mbele yake na kufunga mlango wa sebule. Nilikuwa jikoni nikisonga ugali niliposikia mara ya kwanza. "Mama, umekoseaa." Nikadhani mkono umemteleza. Ikaja tena, na tena, kwa nafasi sawasawa, kama mtu anayeandika. Nikaenda kuchungulia. Alikuwa ameyakaza macho ukutani, juu ya mlango, pale pasipo na chokaa. Aliita kisanduku cha kuchapa, halafu akabonyeza herufi ambayo kisanduku kile hakikuwa na kazi nayo. Mashine ikamwambia amekosea. Naye akaijibu, kwa sauti ya chini ambayo sikuwa nimepata kuisikia kwake: "Ndiyo, mwanangu."

Sikuweza kuingia. Nilirudi jikoni nikakaa na mwiko mkononi mpaka ugali ukaungua, na tuliula hivyo hivyo. Yule mwanamke ambaye hakupata kukosea alikuwa anakosea kila siku, alasiri, kwa makusudi, na ndiyo saa pekee aliyokuwa na mtoto.

Nilipata kazi Handeni, katika ofisi moja iliyokuwa imeletewa kompyuta mpya, si za mtumba, zenye spika pembeni. Nilikuwa nikija Korogwe kumsalimu, na katika safari moja nilimkuta amenyong'onyea. Mashine ya masista ilikuwa imeanza kuguna inapowaka. Nikamweleza nilichokigundua ofisini: kwamba Windows nazo, ndani ya mipangilio yake, zina mahali pa sauti kama pale pa Zaina. Orodha yake imepangwa vingine, lakini kazi ni ileile, unachagua tukio halafu unalipa mlio wake. Huenda Zaina akaweza kuhamishwa.

Macho ya Mwalimu yalitoka ukutani yakanitazama. Siku ile aliingia kwenye mipangilio kwa mara ya kwanza, mimi nikimwongoza, na alipoliona jina la mwanawe limeandikwa kwenye orodha, chini ya bata, aliligusa kiooni kwa ncha ya kidole. Tukalinakili kwenye disketi. Haukupita muda mrefu mashine ikakataa kuwaka. Ilionyesha tu picha ndogo ya disketi yenye alama ya kuuliza katikati, ikiwaka na kuzima, inauliza kitu ambacho hakuna aliyekuwa na jibu lake.

Alikuja Handeni na disketi ameifunga ndani ya kanga, ndani ya kopo lile la mausi ili jua lisiiguse. Aliwasalimia wote ofisini kwa adabu, akakaa kwenye kiti changu. Nilinyoosha mkono anipe nimwekee, hakunipa. Aliipachika mwenyewe. Akaweka vidole mahali pake, akayainua macho akayakaza ukutani, juu kidogo ya mlango wa ofisi yetu, akaiambia mashine ifungue.

Kisanduku kikatokea. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na nilikuwa ndiyo kwanza nimelisoma neno la kwanza. Kilikuwa kinasema kwamba disketi hii haijatayarishwa, je unataka itayarishwe sasa? Windows haikuyajua maandishi ya mashine ya masista. Kwake disketi ile ilikuwa tupu, na kuitayarisha ni kufuta kila kilichomo. Kidole cha Mwalimu kilikuwa kimeshajibu. Kikatokea cha pili, nacho kikajibiwa hapohapo, Enter, kazi iendelee. Disketi ikaanza kukereza.

"Inasoma," Mwalimu alisema. Alikuwa akitabasamu, akiutazama ukuta.

"Mwalimu, haisomi," nilimwambia.

Nilibonyeza Esc, ikasimama, lakini kilichokwenda kilikuwa kimeshakwenda. Hakuna Z ya jambo lile, wala kwa kidole kidogo wala kwa gumba. Ilibidi nimweleze, sentensi moja moja, mbele ya watu wa ofisi waliokuwa wakiendelea na chai zao. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akayateremsha macho, akavitazama vidole vyake, jambo ambalo sikupata kumwona akilifanya. Alivitazama muda mrefu kama vya mtu mwingine.

Baadaye nilimpelekea habari nilizodhani zitamsaidia. Nilikuwa nimeuliza watu wenye ujuzi, wakaniambia kwamba hata angejibu hapana, mashine yangu isingeweza kuicheza sauti ile. Zilikuwa aina mbili zisizosikilizana. "Usinipoze, Mazingara," alinijibu. "Ingekuwapo ndani ya disketi, ningejua ipo."

Aliendelea kufundisha, na ni haki niseme kwamba aliendelea vizuri. Lakini sheria ya kujibu aliifuta. Kisanduku kilipotokea ilikuwa lazima ukisome kwa sauti, neno kwa neno, na kama Kiingereza kilikushinda mlikiendea pamoja kwenye kamusi, hata kama nje mvua inatishia na umeme unacheza. Wanafunzi wapya waliona ni uchovu wa uzee. Na gumba la mashine ya masista hakulifundisha tena. Kazi ya gumba, aliwaambia, ni nafasi basi. Miaka kadhaa baadaye kijana mmoja alifungua mahali pa intaneti pale mjini, akaweka Linux kwa kuwa haihitaji kununuliwa, akamwomba Mwalimu amsaidie kuwafundisha watu. Alimfafanulia kwa furaha kwamba kwenye hii unaweza kupanga kitufe chochote kifanye kazi yoyote, hata kuhifadhi kukawa kwa gumba ukipenda. "Gumba lina mwenyewe," Mwalimu alimwambia. Kijana alidhani ni methali ya Kizigua, akanisimulia akicheka.

Mara ya mwisho nilimkuta Kwashemshi, kwa mdogo wake, mlimani kule. Shule ilikuwa imeshafungwa siku nyingi; watu walijifunza kwenye simu, kwa vidole gumba viwili, na nilijiuliza anaonaje akiwaona. Alikuwa amekaa mkekani kibarazani na ungo wa maharage, anachambua bila kuyatazama, macho kwenye mlima wa pili. Alikuwa amepungua sana.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mazingara. Bado unahifadhi?"

Nikamwambia kila nukta. Akaridhika. Aliniuliza habari za Handeni, za mvua, za Bwana Mnada, ambaye nilimwambia ana wajukuu na bado anabonyeza viwili kwa mpigo. Mdogo wake alituletea chai akaketi nasi. Tulipokuwa tumemaliza mazungumzo ya kawaida na mimi nimeanza kufikiria safari ya kurudi, Mwalimu aliuacha mkono mmoja kwenye maharage, akasema:

"Wewe ulilala chumba kimoja na Zaina."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Maneno ninayo. Sauti imeniondokea. Tangu mwaka jana ninaitafuta, naikosa. Naisikia kama yangu mwenyewe. Wewe ulishika maikrofoni. Iseme."

Nilimwambia siwezi, sauti yangu si yake, nitaiharibu. Akasema hakuniuliza kama naweza.

Nikasema, "Mama, umekosea."

"Umeharakisha," alisema. "Halafu umeitia huzuni. Yeye hakuwa na huzuni. Alikuwa anacheka."

Nikasema tena. Akatikisa kichwa, akanikumbusha kwamba mwisho alivuta. Alinisahihisha kama siku zile, bila huruma, na nilitamani sana rula yake inipige begani badala ya lile alilokuwa akilitaka kwangu. Nilifumba macho. Nikakumbuka mikono yangu ilivyokuwa na povu la sabuni na kile kitu cha mviringo kikiteleza, na kiwiko cha Zaina ubavuni mwangu, nisicheke, nisicheke, na Mwalimu yuko sokoni na atarudi, na hakuna mtu aliyekufa. Kicheko kikanijia kweli, pamoja na machozi.

"Mama, umekoseaa."

Hakunisahihisha. Mdogo wake alijifunika uso kwa upande wa kanga. Nilipofumbua macho Mwalimu alikuwa bado anautazama mlima.

"Ndiyo, mwanangu," alisema.

Mkono wake wa kushoto ulitoka kwenye ungo ukashuka mkekani. Nilidhani anataka kujiinua, nikasogea nimshike. Vidole vikajipanga juu ya ukili wa mkeka, kila kimoja mahali pake, vikatulia. Kisha viwili vikabonyea kwa pamoja, mara moja, kama baada ya nukta. Kimoja kilikuwa cha S, ya kuhifadhi. Nikakitazama kidole kidogo, hakikutikisika. Kilichobonyea na S kilikuwa gumba.